Umepewa namba kubwa, unaanzia wapi? Mwongozo wa kuichambua hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila siku. Mtu anakuja na namba ya tarakimu kumi au kumi na mbili, anauliza hii ni tasa au sio, ina vigawo vingapi, nijaribu kugawanya mpaka wapi ndo niache, mbona kalkuleta inanitolea herufi E katikati ya jibu. Kujibu vipande vipande hakusaidii sana kwa sababu swali moja linazaa lingine, kwa hiyo hapa naweka kazi nzima kuanzia juu mpaka chini, ukiifuata bila kuruka utatoka na majibu yote kwa pamoja.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza: kazi kubwa ni moja tu, kuivunja namba mpaka zibaki namba tasa tupu. Idadi ya vigawo, jumla yake, kama ni mraba (namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe) au sio, vyote hivyo vinachumwa kirahisi ukishamaliza kuvunja. Wengi wanahangaika kwa sababu wanaanza na maswali ya mwisho. Mtu anaandika 1, 2, 3, 5, 6, 9... anatafuta vigawo kimoja kimoja mpaka anachoka na bado hajui kama amevimaliza.

Namba ya mfano wetu ni 1,234,567,890. Kila mtu anaijua, huwezi kuikosea ukiinakili, na ndani yake kuna kitu kizuri sana tutakikuta hatua ya 5.

Andaa hivi kwanza

- Karatasi na kalamu, hata kama una kompyuta. Kazi hii ina majibu ya katikati mengi na ukiyabeba kichwani lazima moja lipotee.
- Kalkuleta inayoonyesha angalau tarakimu 12 bila kufupisha. Kalkuleta za simu nyingi zinafaa, zingine ukiilaza simu ndo zinaongeza nafasi.
- Orodha ya namba tasa zilizo chini ya 100, zipo 25: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97.
- Kompyuta yenye Python (lugha ya programu) ukiwa nayo. Sio lazima kwa namba ya mfano, ila ukivuka tarakimu 12 utaihitaji.

Na maneno matatu tuelewane. Kigawo ni namba inayogawanya nyingine bila kubakisha kitu. Baki ni kile kinachobaki isipogawanyika sawasawa. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, kwa hiyo 1 sio tasa maana ina kigawo kimoja. Nadharia imeishia hapo, nyingine tutaiokota njiani.

Hatua ya 1: Iandike upya kwa mkono

Igawe makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: 1 | 234 | 567 | 890. Hesabu tarakimu, zipo 10. Inaonekana kama kazi ya mtoto ila makosa mengi yanazaliwa hapa, mtu anakopi na kupesti namba inakuja na nukta badala ya koma, 1.234.567.890, programu inaisoma vibaya au inaikataa kabisa. Kabla ya kuingiza namba kwenye kifaa chochote ondoa koma, nukta na nafasi zote, ibaki 1234567890.

Hatua ya 2: Vipimo vya macho

Hapa hugawanyi, unaangalia tu.

Kwa 2, angalia tarakimu ya mwisho, ikiwa 0, 2, 4, 6 au 8 ni shufwa. Yetu inaishia na 0, ni shufwa. Kwa 4, angalia tarakimu mbili za mwisho: 90 haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo 2 imo mara moja tu, na ukishajua hilo usihangaike na 8 wala 16. Kwa 5, iishie na 0 au 5. Imo.

Kwa 3 na 9 jumlisha tarakimu zote: 1+2+3+4+5+6+7+8+9+0 = 45. 45 inagawanyika kwa 9, basi namba yote inagawanyika kwa 9. Tena namba yoyote iliyoandikwa kwa tarakimu zote kumi, kila moja mara moja, hata uzichanganye vipi, itagawanyika kwa 9, kwa sababu jumla haibadiliki.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote tatu kwa mpigo, na nashangaa kwa nini watu wengi hawaonyeshwi mapema. Chukua yale makundi ya tatu tatu, anza kulia, toa, jumlisha, toa: 890 − 567 + 234 − 1 = 556. Sasa pima hiyo 556 badala ya namba nzima. Kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 10. Hamna hata moja inayoingia. Inafanya kazi kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001.

Angalizo: kujumlisha tarakimu ni kwa 3 na 9 tu. Watu wanajumlisha tarakimu afu wanapima 7 au 6 humo humo, haifanyi kazi. Namba 15 jumla ya tarakimu zake ni 6 lakini 15 haigawanyiki kwa 6.

Hatua ya 3: Toa vigawo vidogo mpaka viishe

Sasa gawanya kweli, na kila ukigawanya andika jibu jipya chini, namba ya zamani isahau:

1,234,567,890 ÷ 2 = 617,283,945
617,283,945 ÷ 5 = 123,456,789
123,456,789 ÷ 3 = 41,152,263
41,152,263 ÷ 3 = 13,717,421

Tunasimama na 3 kwa sababu 1+3+7+1+7+4+2+1 = 26 na 26 haigawanyiki kwa 3.

Kosa kubwa la hatua hii ni kugawanya mara moja na kuhamia namba tasa inayofuata. Kigawo kinaweza kurudi mara mbili, tatu, kumi. Gawanya kwa namba ile ile mpaka ikatae ndo uhame. Ukisahau 3 moja hapa, majibu yote ya mbele yataharibika na hutajua kwa nini.

Ukiwa na kalkuleta isiyo na kitufe cha baki fanya hivi: 1,234,567,890 ÷ 7 inakupa 176,366,841.428... Chukua sehemu nzima peke yake, 176,366,841, zidisha kwa 7 upate 1,234,567,887, kisha toa kwenye namba ya mwanzo. Baki ni 3, sawa na tuliyopata kwa njia ya makundi. Usiamini desimali peke yake, jibu likiwa refu kalkuleta inaweza kukata mkia na kukuonyesha namba nzima wakati sio nzima.

Hatua ya 4: Weka mpaka

Hili ndo swali linaloongoza kuulizwa, nijaribu mpaka wapi. Jibu: mpaka kipeuo cha pili cha namba iliyobaki. Kama namba ina vigawo viwili na vyote ni vikubwa kuliko kipeuo chake, ukivizidisha utapita namba yenyewe, haiwezekani. Kwa hiyo kimoja lazima kiwe chini ya mpaka au sawa nao kabisa.

Namba iliyobaki ni 13,717,421 na kipeuo chake ni kama 3,703.7. Kwa hiyo tunapima namba tasa zisizozidi 3,703. Angalia faida ya kugawanya mapema: kipeuo cha namba ya mwanzo kilikuwa kama 35,136, mpaka umeshuka karibu mara kumi kwa migawanyo minne tu. Kila ukipata kigawo kipya piga kipeuo upya, usiendelee na mpaka wa zamani, unajipa kazi ya bure.

Pitia ile orodha ya tasa 25 uliyoandaa. 7, 11 na 13 tulishazipima, anza 17 mpaka 97. Zote zinakataa. Sasa hapo ndo watu wanakata tamaa, maana chini ya 3,703 kuna namba tasa zaidi ya 500 na hakuna mwenye moyo wa kuzipiga zote kwa mkono. Usianze kuzipiga. Jaribu kwanza hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Njia ya Fermat

Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliieleza njia hii mwaka 1643 kwa kuvunja 2,027,651,281 kuwa 44,021 × 46,061, bila mashine yoyote. Wazo lake ni kwamba namba witiri yoyote isiyo tasa inaweza kuandikwa kama tofauti ya miraba miwili, na ukiipata hiyo tofauti vigawo vinatoka vyenyewe.

Fanya hivi:

a) Chukua kipeuo, 3,703.7, panda mpaka namba nzima inayofuata: 3,704.

b) Ipige kwa yenyewe: 3,704 × 3,704 = 13,719,616. Toa namba yako: 13,719,616 − 13,717,421 = 2,195. Je, 2,195 ni mraba? Hapana. Huhitaji hata kalkuleta, mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25.

c) Panda moja: 3,705 × 3,705 = 13,727,025. Toa namba yako, inabaki 9,604. Je, ni mraba? 98 × 98 = 9,604. Ndiyo!

d) Vigawo ni 3,705 − 98 na 3,705 + 98, yaani 3,607 na 3,803.

Majaribio mawili badala ya zaidi ya mia tano. Hicho ndo kitu kizuri nilichosema. Ndani ya namba ambayo kila mtu anaiandika bila kufikiri kuna namba tasa mbili zilizokaa karibu karibu, na kwa kugawanya tu ungetembea karibu njia yote ndo uzikute. Jizungushie hii hatua kwa kalamu, ukiielewa vizuri utaipenda.

Ila usiigeuze dawa ya kila kitu. Inafanya kazi haraka pale tu vigawo viwili vikiwa vinakaribiana. Vikiwa mbali, mmoja mamia na mwingine mamilioni, utapanda moja moja mpaka usiku. Mi nashauri ujaribu kama mara ishirini hivi, ikikataa rudi kugawanya au washa kompyuta. Na ili usipige vipeuo ovyo kumbuka mraba hauishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8, tofauti ikiishia na hizo pita haraka.

Hatua ya 6: Hakikisha umefika mwisho, kisha zidisha urudi

Kupata 3,607 na 3,803 haimaanishi ni tasa. Zipime. Kipeuo cha 3,607 ni 60.06, kwa hiyo jaribu tasa zote mpaka 59, zipo 17. Kipeuo cha 3,803 ni 61.7, ongeza 61. Zote zinaacha baki. Sasa una haki ya kuandika:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Kisha zidisha zote kurudi. 3,607 × 3,803 = 13,717,421, mara 90 ni 1,234,567,890. Isiporudi kuna kosa, usiendelee.

Kuzidisha urudi ni hatua inayodharauliwa ila ndo ushahidi wenyewe. Oktoba 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake Marekani, akapiga ubaoni 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1, afu pembeni akazidisha kwa mkono 193,707,721 × 761,838,257,287, majibu yakalingana: 147,573,952,589,676,412,927. Inasimuliwa hakusema neno, na halikuhitajika. Kutafuta vigawo kunachukua muda mrefu sana, kuvihakiki ni kuzidisha tu, na tofauti hiyo ndo inalinda siri nyingi zinazopita kwenye intaneti leo.

Hatua ya 7: Chuma majibu

Hapa ndo raha, kila kitu kinatoka kwenye mstari mmoja ule.

*Vigawo vingapi?* Chukua kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, isipoandikwa ni 1), ongeza 1, zidisha zote. Vipeo vyetu ni 1, 2, 1, 1, 1. Kwa hiyo 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Namba ina vigawo 48, ukihesabu 1 na yenyewe. Makosa mawili yanajirudia: kusahau kuongeza 1, na kujumlisha badala ya kuzidisha. Unaongeza 1 kwa sababu tasa inaweza pia kutotumika kabisa, hiyo nayo ni chaguo.

*Jumla ya vigawo vyote?* Kwa kila tasa jumlisha 1, tasa yenyewe, kisha tasa mara yenyewe, na kuendelea mpaka kipeo kilichopo. Kwa 2 ni 1+2 = 3. Kwa 3² ni 1+3+9 = 13. Kwa 5 ni 6. Kwa zile kubwa ni 3,608 na 3,804. Zidisha: 3 × 13 × 6 = 234, mara 3,608 ni 844,272, mara 3,804 ni 3,211,610,688.

Ukitoa namba yenyewe inabaki 1,977,042,798, ambayo ni kubwa kuliko 1,234,567,890. Yaani vigawo vyake vingine vikijumlishwa vinaipita. Kuna namba ambazo jumla hiyo inakuwa ndogo kuliko namba, na chache sana ambazo inalingana sawasawa kama 6, 28, 496 na 8,128, hizo za kulingana watu wamezisaka tangu zama za Wagiriki na inayofuata baada ya 8,128 iko mbali kweli, ni 33,550,336.

*Namba ngapi kuanzia 1 mpaka hapo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1?* Hii ni hesabu ya mwanahisabati Euler, wanafunzi wa usalama wa kompyuta wanaiuliza sana. Kwa tasa iliyo mara moja, toa 1. Kwa 3², toa 3 kwenye 9 upate 6. Kwa hiyo 1 × 6 × 4 × 3,606 × 3,802 = 329,040,288. Ni kama 27 katika kila 100.

Angalizo kwenye hii ya Euler: ile 3² usiifanye (3−1) × (3−1) = 4. Ni 9 − 3 = 6.

Hatua ya 8: Maumbo

Je, ni mraba? Vipeo vyote vingekuwa shufwa, yetu ina vipeo vya 1, sio mraba. Je, ni mchemraba? Vipeo vyote vingegawanyika kwa 3, hapana. Umeona, huhitaji kupiga kipeuo chochote.

Je, inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Angalia tasa zinazobakiza 3 ukizigawanya kwa 4, kila moja lazima iwe na kipeo shufwa. 3,607 inabakiza 3 na kipeo chake ni 1. Basi, haiwezekani, na huna haja ya kujaribu hata jozi moja. (3,803 nayo inabakiza 3, ila moja ilitosha kuikwamisha.) Kwa miraba mitatu inawezekana, na kwa minne kila namba inawezekana, hilo mwanahisabati Lagrange alilithibitisha mwaka 1770.

Je, ni ya pembetatu, yaani 1+2+3+4 na kuendelea? Zidisha kwa 8, ongeza 1, uone kama ni mraba. Tunapata 9,876,543,121, iko kati ya mraba wa 99,380 na wa 99,381, kwa hiyo sio.

Hebu tazama tena hapo tulipozidisha kwa 8, kabla ya kuongeza 1: 9,876,543,120. Tarakimu zote kumi zimerudi, karibu kinyumenyume! Zidisha kwa 2 upate 2,469,135,780, kwa 4 upate 4,938,271,560, kwa 5 upate 6,172,839,450, kwa 7 upate 8,641,975,230, kila jibu lina tarakimu zote kuanzia 0 mpaka 9 bila kurudia. Kwa 3 uchawi unavunjika, inakuja 3,703,703,670. Kwa 6 vile vile.

Hatua ya 9: Iandike kwa bainari (tarakimu 0 na 1 tupu), ukihitaji

Wengi wanaigawanya kwa 2 mara thelathini na moja, inachosha na unapotea njiani. Gawanya kwa 16 mara nane, andika mabaki:

1,234,567,890 → 77,160,493 baki 2
77,160,493 → 4,822,530 baki 13
4,822,530 → 301,408 baki 2
301,408 → 18,838 baki 0
18,838 → 1,177 baki 6
1,177 → 73 baki 9
73 → 4 baki 9
4 → 0 baki 4

Soma kuanzia chini kwenda juu, na 13 iandike D: 499602D2. Hiyo ni heksadesimali, uandishi wa msingi wa 16 ambapo 10 mpaka 15 huandikwa A mpaka F. Kisha kila alama igeuze tarakimu nne za bainari (4 ni 0100, 9 ni 1001, 6 ni 0110, D ni 1101...), ondoa sifuri ya mbele, unapata 1001001100101100000001011010010. Tarakimu 31, ndani yake moja zipo 12. Kosa la kawaida ni kusoma mabaki kuanzia juu, hapo unapata namba nyingine kabisa.

Ukiwa na kompyuta

Programu hii fupi inafanya hatua ya 3 mpaka ya 6:

```
n = 1234567890
d = 2
while d*d <= n:
    while n % d == 0:
        print(d)
        n = n // d
    d = d + 1
if n > 1:
    print(n)
```

Itakutolea 2, 3, 3, 5, 3607, 3803. Zingatia mikwaju miwili kwenye n // d. Ukiweka mmoja inakuletea desimali, kwa namba ndogo hutaona tofauti ila kwa kubwa itaharibu tarakimu za mwisho kimyakimya. Kwenye Linux kuna amri iko tayari, andika factor 1234567890 basi.

Ukikwama

*Kalkuleta inaonyesha 1.23456789E9 au kitu kama hicho.* Imefupisha, maana yake mara 10 kwa kipeo cha 9. Hapa bahati haijapoteza kitu, ila kwa namba ndefu zaidi tarakimu za mwisho zinakuwa zimeondoka na kila kipimo cha baki kitakuwa uongo. Badilisha kalkuleta.

*Nimeweka namba ya tarakimu 18 kwenye Excel, za mwisho zimegeuka sifuri.* Ndivyo ilivyo, inashika tarakimu 15 tu. Lugha zingine za programu nazo zinaanza kupoteza usahihi zikipita 9,007,199,254,740,991. Python inashika namba nzima za urefu wowote, ndo maana naipendekeza.

*Njia ya Fermat haiishi.* Kwanza angalia kama namba yako ni shufwa. Shufwa isiyogawanyika kwa 4 haiwezi kamwe kuwa tofauti ya miraba miwili, utapanda milele. Toa 2 zote kwanza. Kama ni witiri na bado haiishi, vigawo viko mbali au namba ni tasa.

*Nimepata idadi ya vigawo ambayo ni witiri.* Ni sahihi ikiwa namba ni mraba peke yake. Vinginevyo kuna kipeo umekosea, rudi hatua ya 3.

*Namba ni ndefu mno, nataka tu kujua ni tasa au sio.* Kwenye Python andika pow(2, n-1, n) ukiwa na n witiri. Jibu lisipokuwa 1, sio tasa, bila ubishi, hata kama vigawo hujaviona. Jaribu na 13717421, hutapata 1. Likiwa 1 usishangilie bado: 341 inatoa 1 na ni 11 × 31. Rudia ukiweka 3 badala ya 2, hapo 341 inaumbuka. Zipo ngumu zaidi kama 561, yaani 3 × 11 × 17, ambayo inapita kwa kila namba isiyo na kigawo cha pamoja nayo, kwa hiyo ukipata 1 mara kadhaa sema "inaelekea ni tasa" usiseme "ni tasa".

*Programu imekaa saa nzima haijajibu.* Kigawo kidogo kuliko vyote kina tarakimu nyingi, na kugawanya moja moja hakufai tena. Tafuta programu inayotumia njia ya John Pollard ya mwaka 1975 inayoitwa rho, inafaa sana pale kigawo kidogo hakijazidi sana tarakimu kumi. Ukifika mamia ya tarakimu hata wataalamu wanahangaika, RSA-250, namba ya changamoto yenye tarakimu 250, ilivunjwa mwaka 2020 kwa kutumia kompyuta nyingi sana kwa pamoja.

*Nimefuata yote, nataka kujipima.* Chukua 987,654,321 uivunje kwa mkono. Kuna tasa moja kwenye ile orodha yako ya 25, zaidi ya 3, ambayo inaingia mara mbili, na wengi wanaitoa mara moja wanasonga mbele. Ukimaliza vigawo viwe 18, na tasa kubwa kuliko zote iwe 379,721. Ukipata 12, rudi hatua ya 3, kuna mahali umegawanya mara moja tu.